Kijana amerefuka ghafla, amekonda na mpira unampita: mwili wake una kasoro?

Swali: Mwanangu ana miaka 14 na nusu, yuko Gredi ya 9 na anacheza winga katika timu ya shule hapa Kisumu. Mwaka jana hakuna beki aliyemkamata. Januari ya mwaka jana alama yake ukutani ilikuwa sentimita 152, Januari hii ikawa 160.5. Uzito ulikuwa kilo 43, sasa ni 47. Amebaki mbavu tupu, anajikwaa, mpira unampita, na goti la kulia linamuuma chini ya kifuniko. Kocha anasema wenzake wana vifua, kwa hiyo naye aanze kunyanyua vyuma na anywe unga wa protini. Kopo lenyewe ni bei ya kufunga macho. Dada yake wa miaka 12 pia anacheza, naye ameambiwa apunguze mwili. Nifanye nini? (Mama wa wachezaji wawili, Nyalenda)

Jibu: Mama, pesa za kopo zibaki kwenye kibeti. Goti ndilo la kushughulikia wiki hii, na tutalifikia. Huko kukonda na kujikwaa ni jambo moja, na limeshaandikwa kwenye ule ukuta wako.

Sentimita 8.5 kwa miezi 12 si ukuaji wa kawaida wa mtoto. Mvulana ambaye balehe haijamkolea huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akifika kwenye kilele cha kurefuka, huruka hadi 8, 9, wengine 10. Wavulana wengi hukifikia kilele hicho karibu na miaka 14, ila wapo wanaokifikia wakiwa na 12 na wapo wa 16, na wote ni wazima kabisa. Mwanao yuko kileleni au ametoka kukipita.

Mwili haukui kila mahali kwa pamoja. Nyayo hutangulia, na ukikumbuka ni lini daluga zilianza kumbana kila muhula, hapo ndipo safari ilipoanzia. Baada ya nyayo huja miguu, halafu kiwiliwili, na mwisho kabisa mabega na kifua hutanuka. Uzito huja nyuma ya kimo, mara nyingi kwa nusu mwaka na wakati mwingine zaidi. Nguvu za misuli huja nyuma ya uzito. Kwa hiyo katikati ya safari hiyo kuna kipindi ambapo kijana ana miguu ya mtu mzima na kifua cha mtoto. Ndicho anachokiona kocha, na anakiita udhaifu.

Tuipige hesabu. Ukichukua uzito ukaugawa kwa kimo mara mbili, mwaka jana unapata 43 kugawa kwa 1.52 mara 1.52, yaani 18.6. Mwaka huu ni 47 kugawa kwa 1.605 mara 1.605, unapata 18.2. Imeshuka kidogo mno, na kwa umri wake zote mbili ni za kawaida. Lakini namba hiyo haijui tofauti kati ya mafuta na msuli, ndiyo maana kwa mchezaji anayekua haitoshi. Chukua mfano huu. Tuseme mwaka jana asilimia 14 ya mwili wake ilikuwa mafuta. Hizo ni kilo 6 kati ya 43, na kilo 37 zilizobaki ni misuli, mifupa, viungo vya ndani na maji. Tuseme sasa mafuta ni asilimia 12, yaani kilo 5.6 kati ya 47. Sehemu isiyo mafuta imefika kilo 41.4. Ameongeza zaidi ya kilo 4 za mwili wenye kazi, na mafuta yamepungua gramu 400 tu, ila gramu hizo zilizobaki zimetandazwa juu ya mwili mrefu zaidi. Kwa macho ya jikoni amekonda, ingawa kwenye mizani amejengeka.

Na bado. Baada ya kilele cha kimo huja kilele cha uzito, ambapo wavulana wengi hupata kilo 7 hadi 9 kwa mwaka mmoja, sehemu kubwa ikiwa misuli, kwa sababu homoni ya testosteroni sasa imepanda vya kutosha. Sauti inakuwa nzito, ndevu za kwanza zinachomoza juu ya mdomo, mabega yanatanuka. Wataalamu wa maumbo hueleza mwili kwa namba tatu: ya kwanza ya mafuta, ya pili ya misuli na mifupa, ya tatu ya wembamba. Mfumo unaotumika zaidi uliwekwa mwaka 1967 na Heath na Carter. Kwa wachezaji wa miaka 12 au 13, namba ya misuli na ile ya wembamba huwa zinakaribiana. Wakifika 17 au 18, ya misuli imeshatangulia na ya wembamba imerudi nyuma. Wanasoka wazima wengi huangukia karibu na 2, 5 na 2. Hakuna aliyezaliwa nayo hiyo 5, na kumtafuta mtu wa aina hiyo katika kikosi cha Gredi ya 9 ni kumtafuta aliyebalehe mapema, basi.

Hao wenye vifua, sasa. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana miaka 3 au 4 katika kukomaa kwa mifupa. Juu ya hapo weka mwezi wa kuzaliwa: timu zinazokata umri tarehe 1 Januari huwaweka pamoja mtoto wa Januari na wa Desemba, na kila mahali ambapo jambo hili limechunguzwa, wale wa miezi ya mwanzo ndio hujaa kwenye vikosi vya vijana. Si kwamba Mungu huwapa watoto wa Januari kipaji. Wamekula miezi 11 zaidi ya ugali.

Kwetu mtoto mwenye ndevu akionekana uwanjani watu hunong'ona kwamba cheti kimechezewa. Wakati mwingine ni kweli, na ndiyo sababu FIFA ilianza mwaka 2009 kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono, kuona mifupa imekomaa kiasi gani, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Lakini ndevu peke yake si ushahidi wa kitu. Kuna wa miaka 14 anayenyoa na kuna wa 14 ambaye sauti bado ni ya kwaya ya watoto, na vyeti vya wote wawili ni safi.

Tatizo ni kwamba anayewahi kukomaa hushinda mipira kwa kifua na mbio ndefu, na kwa kuwa anashinda, hakuna anayemlazimisha kujifunza kutumia mguu wa kushoto. Wenzake wanapomfikia kwa mwili wakiwa na 17, mara nyingi huyo huanza kupotea. Aliyechelewa, akivumiliwa timuni, hufika huko akiwa na akili ya mpira kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuokoka. Luka Modrić ana mita 1.72 na amecheza fainali ya Kombe la Dunia. Lionel Messi ana 1.70, naye utotoni alitibiwa upungufu wa homoni ya ukuaji. Hilo la Messi ni ugonjwa uliopimwa na madaktari, si jambo la kutafutiwa sindano mitaani.

Kama unataka kukisia kimo cha mwisho cha mwanao, jumlisha kimo cha baba na chako, ongeza 13, gawa kwa 2. Baba akiwa na 175 na mama 162, unapata 175. Ruhusu kama sentimita 8 juu au chini. Kwa binti, badala ya kuongeza 13, toa 13. Ni makisio tu, wala usimwambie mtoto kana kwamba ni ahadi.

Kipimo chako cha ukutani ni kizuri kuliko vifaa vingi vya bei, lakini kukipima mara moja kwa mwaka ni kuchelewa. Pima kila baada ya miezi 3, na ukiweza kila mwezi kwa sasa. Asubuhi, maana jioni mtu hufupika sentimita moja hivi, uti wa mgongo ukiwa umebanwa kwa kazi ya siku. Avue viatu, asimame kwenye sakafu ngumu, visigino, makalio na mabega viguse ukuta. Kichwa kisiinuliwe: tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho viwe kwenye mstari mmoja. Avute pumzi na aishikilie. Weka kipande cha ubao au kitabu kigumu juu ya kichwa, upande mmoja ukilala bapa ukutani, kibonyeze nywele, tia alama chini yake kwa penseli. Pima na tepu ya chuma ya fundi ujenzi. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani huvutika na kurefuka kadiri inavyozeeka. Rudia mara 3, chukua namba ya katikati. Wanaokosea hapa hukosea kwa kichwa kilichoinuliwa au soksi nene, na kosa la sentimita moja katika kipimo cha kila mwezi linafuta maana yote.

Kisha mwekee stuli ambayo umeipima urefu, tuseme sentimita 40. Aketi mgongo ukiwa bapa ukutani, tia alama juu ya kichwa, toa 40. Hicho ni kimo cha kukaa, na ukikitoa katika kimo cha kusimama unapata urefu wa miguu. Miguu ikiongezeka kuliko kiwiliwili, bado yuko kwenye kuruka. Kiwiliwili kikianza kuongezeka kuliko miguu, amekipita kilele na uzito uko njiani. Ipo fomula iliyotolewa mwaka 2002 na Mirwald na wenzake inayotumia vipimo hivyo hivyo kukadiria mtoto yuko umbali gani na kilele, lakini ilijengwa kwa watoto wa Kanada, na kwa vijana wetu wenye miguu mirefu huweza kupotoka. Vipimo vinne au vitano mfululizo vya mtoto mwenyewe vinaaminika zaidi.

Uzito upimwe asubuhi hiyo hiyo, akishatoka chooni na kabla ya chai, akiwa na kaptura tu. Mizani iwe ileile. Usimpime baada ya mazoezi ya alasiri, Kisumu hii ya joto. Kijana wa kilo 47.0 anayerudi akiwa 46.2, na katikati alikunywa maji nusu lita kasoro kidogo, ametoa jasho la lita 1.2 hivi. Hajapoteza mwili hata chembe. Anadaiwa maji tu, na ile gramu 800 irudishwe kwa maji na chumvi ya chakula kabla ya kulala.

Mafuta ya mwili yanaweza kupimwa kwa kaliperi, kile kifaa kama koleo kinachobana mkunjo wa ngozi. Mwalimu wa michezo akiwa nacho, abane sehemu mbili upande wa kulia: nyuma ya mkono, katikati ya bega na kiwiko, na upande wa ndani wa shavu la mguu mahali penye unene zaidi. Abane ngozi na mafuta bila msuli, asome baada ya sekunde 2. Kwa wavulana, jumla ya milimita hizo zidisha kwa 0.735, ongeza 1. Mkono 7 na mguu 8 ni 15, na jibu ni asilimia 12. Kwa wasichana zidisha kwa 0.61, ongeza 5.1. Kosa la asilimia 3 au 4 ni la kawaida, kwa hiyo mtu asije akakwambia mtoto amepanda kutoka 12 hadi 13 ukashtuka. Wavulana wengi wa soka wenye umri huu huwa kati ya 8 na 15. Kwa kijana kama wako naona hakuna haja ya kupima zaidi ya mara mbili kwa mwaka, na kamwe isiwe mbele ya wenzake.

Kujikwaa kuna sababu ya wazi. Ubongo ulijifunza kupiga mpira ukiwa na mguu wa urefu fulani. Mguu umeongezeka, unyayo umeongezeka, kitovu cha uzito kimepanda, na misuli ya kuvisimamisha bado ni ile ya jana. Mguso wa kwanza unakuwa mrefu, kugeuka kunachelewa, krosi inapaa nyuma ya goli. Hudumu miezi michache, kwa wengine hadi mwaka. Dawa yake ni kuurudisha mwili shule: dakika 10 kila siku za kupokea na kupasia ukuta kwa miguu yote miwili, kusimama kwa mguu mmoja huku akirushiwa mpira, kukimbia polepole na kusimama ghafla, kugeuka kulia na kushoto. Mpango wa FIFA 11+ una mazoezi ya namna hii tayari, huchukua dakika 20 kabla ya mazoezi, na timu zinazoufanya angalau mara 2 kwa wiki hupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Hauhitaji kifaa chochote isipokuwa mpira na koni, na chupa za maji zinafaa kuwa koni.

Sasa goti. Chini ya kifuniko cha goti kuna mahali ambapo kano la msuli wa mbele wa paja hushika mfupa wa ugoko. Kwa mtu mzima hapo ni mfupa mtupu. Kwa kijana anayekua bado ni gegedu laini. Mfupa wa paja ukirefuka haraka, msuli haujarefuka sawasawa, kwa hiyo unavuta, na kila teke, kila kuruka na kila kukimbia kunavuta palepale. Panavimba, panauma ukipabonyeza, na huweza kuota kinundu kigumu ambacho hubaki hata baada ya maumivu kuisha. Madaktari hukuita Osgood-Schlatter. Kwenye kisigino ndugu yake huitwa Sever, na huwapata zaidi wa miaka 10 hadi 13.

Bonyeza kinundu hicho kwa kidole gumba. Kama hapo hasa ndipo panapouma, na maumivu huongezeka akipanda ngazi au akipiga magoti kanisani, basi huenda ndicho. Mwambie ayape maumivu alama kutoka 0 hadi 10 wakati wa mazoezi. Akiwa 3 au chini, na asubuhi yake yamerudi yalivyokuwa, aendelee ila bila kuruka-ruka na bila mbio za kasi kwa wiki kadhaa. Yakizidi hapo, au akichechemea, asimame. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15 baada ya mazoezi. Akae akiegemea ukuta kana kwamba kuna kiti, magoti yamekunjwa kidogo tu, sekunde 30 hadi 45, mara 4 au 5, siku moja baada ya nyingine. Anyooshe msuli wa mbele wa paja taratibu, bila kuulazimisha.

Asipelekwe kukandwa. Najua kuna wazee wenye mikono mizuri ya kukanda misuli iliyokaza, lakini kusugua gegedu iliyovimba kwa mafuta na nguvu ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Sindano ya kutuliza pahali hapo nayo aikatae.

Mpeleke hospitali bila kungoja ikiwa maumivu yanamwamsha usiku, goti zima limejaa maji, ana homa, au uvimbe uko pembeni na unakua. Pia mpeleke ikiwa anachechemea na huoni kitu gotini, kwani ugonjwa wa nyonga kwa vijana wa umri huu mara nyingi hujitokeza kama maumivu ya goti, na ukicheleweshwa nyonga huharibika. Mwombe daktari amkague nyonga hata kama kilichompeleka ni goti.

Chakula. Kijana wa kilo 47 anayefanya mazoezi siku 4 au 5 kwa wiki anahitaji protini ya gramu 70 hivi kwa siku, yaani gramu 1.5 kwa kila kilo. Tuihesabu kwa vyakula vya sokoni Kibuye. Asubuhi uji wa wimbi uliotiwa kikombe cha maziwa, gramu 12, na mayai mawili, 12. Mchana sahani ya githeri yenye maharagwe ya kutosha, 18. Baada ya mazoezi, maziwa mala glasi kubwa, 10. Usiku ugali wa unga gramu 150, nao una protini ya gramu 12 ambayo watu huisahau, pamoja na omena kavu konzi moja ya gramu 30, ambazo hazipungui 15. Jumla inapita 75, na kopo halijafunguliwa. Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo wakati huohuo amepata kalsiamu ambayo mifupa inayorefuka inaililia.

Kinachowakosesha vijana wetu uzito ni nishati kwa jumla, kuliko protini. Anatoka shule saa kumi, anacheza hadi saa kumi na mbili, anakula saa mbili na nusu usiku akiwa hoi. Kati ya mlo wa mchana na wa usiku kuna saa 7 bila kitu. Hapo ndipo pa kuziba: ndizi mbili au viazi vitamu kabla ya mazoezi. Kisha ongeza kwa siku konzi ya njugu karanga, nusu ya parachichi, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia juu ya mboga. Hivyo vitatu ni kalori 400 na zaidi, na zinatosha kumsukuma.

Chai isiandamane na chakula. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye sukuma, maharagwe na wimbi yasiingie mwilini. Ipishe saa moja kabla au baada, na badala yake kamua ndimu juu ya mboga.

Na hapa ziwani kuna mambo ya kuangalia ambayo vitabu vya Ulaya havitaji. Malaria inayorudi-rudi hula damu na hamu ya chakula. Kichocho humpata anayeoga au kuvua ziwani, naye huweza kukaa nacho akiwa anachoka tu bila kujua. Minyoo ipo. Ikiwa kimo kinaongezeka lakini mizani imesimama kwa miezi 6, usimlaumu kwa kula kidogo. Nenda kituo cha afya umwombe daktari kipimo cha damu, malaria, na choo kwa minyoo na kichocho. Hali yake ya seli mundu kama haijulikani ipimwe mara moja tu maishani, hasa kwetu magharibi ambako ugonjwa huo upo kwa wingi. Mvulana anayefika miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe naye aonwe na daktari. Kwa mwanao hilo halipo.

Usingizi: masaa 8 hadi 10. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito. Akienda bweni mwakani, akalala saa nne na nusu na kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri kwa prepu, atakuwa na 6. Uliza hilo kabla ya kuchagua shule kwa sababu ya kombe lake.

Vyuma. Si kweli kwamba kunyanyua uzito kunamdumaza mtoto. Kinachoumiza ni uzito mkubwa, mgongo uliopinda, na kukosa msimamizi. Ile bomba yenye mikebe miwili ya saruji iliyo nyuma ya nyumba nyingi ina makosa yote: mkebe mmoja huwa mzito kuliko mwenzake, huwezi kuongeza kilo moja moja, na kijana huichukua kutoka chini kwa mgongo. Kwa sasa, goti likitulia, afanye siku 2 kwa wiki, dakika 25. Kukaa na kusimama bila uzito, 10 mara 3. Pushapu kadiri anavyoweza kwa mwili ulionyooka. Kulala ubavu akijiinua kwa kiwiko sekunde 20 kila upande. Kupiga magoti mwenzake akimshika vifundo, kisha kujishusha mbele polepole kwa ajili ya msuli wa nyuma wa paja, mara 3 hadi 5 tu mwanzoni, lakini hili la mwisho lisubiri goti lipone kabisa. Vipimo vya kila mwezi vikionyesha kimo kimepungua kasi hadi chini ya milimita 4 kwa mwezi na uzito umeanza kupanda, hapo ndipo misuli iko tayari kupokea. Aongezewe uzito kidogo kidogo, begi la shule lenye vitabu likiwa la kwanza. Mazoezi ya wakati huo yatamjenga misuli kuliko ya sasa.

Binti ana habari tofauti. Wasichana hufika kilele cha kurefuka karibu na miaka 12, na mwili wao huongeza mafuta ya nyonga na mapaja kwa mpango wa maumbile. Mchezaji msichana mzima kabisa huwa na mafuta asilimia kati ya 16 na 25. Akipunguzwa chakula ili arudi kuwa kama kaka yake, kinachofuata ni hedhi kuchelewa au kukatika, mifupa kulegea, na nyufa za mifupa ya ugoko. Aliyeambiwa apunguze mwili akiwa na 12 ameambiwa aache kukua. Mpe chakula kilekile cha kaka yake, na akianza hedhi mwongezee vyakula vyenye madini ya chuma: maini mara moja kwa wiki, omena, maharagwe na ndimu. Hedhi ikikosekana miezi 3 mfululizo baada ya kuzoeleka, au isipoanza kufikia miaka 15, aonwe na daktari. Afanye ile FIFA 11+ bila kukosa, kwa kuwa kano la katikati ya goti hukatika zaidi kwa wasichana baada ya balehe, na kujifunza kutua kwa magoti yaliyokunjwa yasiyoingia ndani kunalilinda. Kule shule za Butere na Wiyeta wasichana hawachezi soka hiyo yenye sifa kwa kufunga tumbo.

Kocha anaweza kusaidia bila kuambiwa amekosea. Kuna timu za vijana Uingereza ambazo tangu mwaka 2015 huchezesha baadhi ya mechi kwa kupanga watoto kulingana na ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Kwake yeye inatosha mazoezi ya Jumatano: wakubwa wa mwili wacheze wao kwa wao, wadogo kwa wadogo, dakika 30. Wakubwa watalazimika kutumia akili, wadogo watapata nafasi ya kuonekana. Na asimfunge kijana kwenye winga moja kwa moja. Mwenye miguu inayorefuka hivi huweza kuwa stopa au straika akiwa na 17. Michael Olunga ana zaidi ya mita 1.90, na hakuanza nazo.

Mwandikie kocha kwenye karatasi moja: tarehe, kimo, kimo cha kukaa, uzito, alama ya maumivu ya goti. Mstari mmoja kila mwezi hadi Desemba. Mwezi ambao kimo kimeongezeka milimita 6 au zaidi, uzungushie duara, na umwombe wiki zinazofuata ampunguzie kijana mbio za kasi na kuruka kwa theluthi moja huku akibaki kwenye kikosi.